Redieta Zina Moto, Bombani Maji Baridi: Pa Kuanzia Kutafuta Hitilafu

Baridi ikianza kuuma, maswali huwa yaleyale. Boila (mtambo wa gesi unaopasha maji ya nyumba) inawaka lakini maji ya kuogea hayana moto. Maji yanatoka ya moto, yanapoa, yanarudi kuwa ya moto. Jikoni yanachoma, bafuni ni vuguvugu. Na aliyeuliza mara nyingi ameshabonyeza kitufe cha kuwasha upya mpaka kidole kimechoka, au ameshaanza kufungua skrubu za mfuniko wa boila, jambo ambalo hakutakiwa hata kulifikiria.

Mwongozo huu ni wa anayeanza kabisa. Hautakufanya fundi wa gesi. Utakuonyesha hitilafu iko upande gani, utakupa yale madogo unayoweza kuyamaliza mwenyewe, na yakikushinda, utamwita fundi ukiwa na maelezo ya kueleweka. Kazi kubwa humu ni kutazama na kugusa paipu kwa mpangilio. Bisibisi utaishika mara chache.

Jua kwanza una mfumo gani

Tafuta tangi la maji moto. Huwa refu, la shaba au chuma, limefunikwa kwa povu gumu au koti, na mara nyingi limefichwa kabatini. Ukilikuta, boila yako hupasha maji yanayopita kwenye koili (paipu iliyojizungusha) ndani ya tangi hilo, na koili ndiyo inayopasha maji ya kuogea. Usipoliona popote, karibu kila mara una kombi, yaani boila inayopasha maji papo hapo unapofungua bomba.

Katika mifumo yote miwili, maji yanayozunguka kwenye redieta, yale mabamba ya chuma ya kupashia vyumba, hayachanganyiki na yale unayooga. Joto ndilo linalovuka, maji hayavuki. Nadharia ni hiyo tu.

Vitu vya kuandaa

- Kitabu cha maelekezo cha boila. Kama kimepotea, modeli imeandikwa kwenye kibandiko, mara nyingi chini ya boila au nyuma ya kijimlango cha mbele, na kwa modeli hiyo utakipata mtandaoni.
- Ndoo unayoujua ujazo wake (ya lita 10 ni nzuri) na saa ya simu.
- Kipimajoto cha jikoni.
- Tochi, beseni na matambaa.
- Ufunguo wa kutolea hewa kwenye redieta.
- Bisibisi bapa.
- Karatasi na kalamu. Usiseme utakumbuka.
- King'amuzi cha kaboni monoksaidi (gesi ya sumu inayotoka boila ikiwaka vibaya) kinachofanya kazi. Kama huna, hiki ndicho cha kununua kwanza kabla ya vingine vyote.

Usalama, na hapa sina mzaha

Ukisikia harufu ya gesi, usiwashe wala kuzima swichi yoyote, usiwashe kiberiti. Fungua madirisha, funga koki ya gesi kwenye mita kama unaifikia kwa urahisi, toka nje, na upige simu ya dharura ya gesi ukiwa huko nje.

Kaboni monoksaidi haina harufu. Kichwa kinauma, kizunguzungu na kichefuchefu vinakupata ukiwa ndani na vinapungua ukitoka. Boila ina masizi pembeni. Au moto wake ni wa njano na unayumba badala ya kuwa wa bluu uliotulia. Ukiona mojawapo, zima boila, toeni watu wote nje, na isiwashwe tena mpaka fundi aipime.

Mfuniko wa boila usiufungue. Kwenye boila nyingi, mfuniko huo ni sehemu ya kinachozuia moshi usiingie nyumbani, na ukiurudisha vibaya hutajua. Nchi nyingi pia zimekataza kwa sheria mtu asiye na leseni kugusa upande wa gesi.

Hatua kwa hatua

1. Fungua mabomba yote ya maji moto, moja baada ya jingine

Usianzie kwenye boila. Anzia jikoni, nenda bafuni, malizia kwenye shawa. Kila moja lipe dakika mbili, pima joto, andika.

Kama bomba moja tu ndilo lenye shida na mengine yana moto, boila yako ni nzima. Shida iko kwenye bomba hilo: katriji (kile kiini cha ndani ya bomba) ya kuchanganyia moto na baridi imechakaa, koki ndogo iliyo chini ya sinki imefungwa nusu, au kichujio cha mdomo wa bomba kimeziba kwa chokaa.

Kuna ujanja mwingine wa mabomba unaowachanganya hata watu wazoefu. Shawa au bomba la kuchanganyia likiharibika ndani, maji baridi yanaweza kuvuka humohumo na kuingia kwenye paipu ya maji moto. Nyumba nzima inapata vuguvugu, na kila mtu anailaumu boila. Kulipima hili ni rahisi. Zima boila. Funga koki ya maji baridi yanayoingia kwenye boila, au yanayoingia kwenye tangi kama una tangi. Kisha fungua bomba la maji moto lisilo la kuchanganya. Maji yaliyobaki kwenye paipu yatatoka, yatapungua, yatakata. Yakiendelea kutiririka bila dalili ya kukata, kuna mahali maji baridi yanavuka. Sasa funga koki ndogo za mabomba ya kuchanganyia, moja moja, ukianzia shawa yenye themostati (kidhibiti joto). Ile ambayo ukiifunga tu maji yanakata, hiyo ndiyo yenye ubovu. Fungua tena koki ya boila kabla hujaiwasha.

Kipimo hiki huchukua dakika kumi hivi. Nashangaa ni wangapi hubadilishiwa vipuri vya boila kabla ya mtu yeyote kukifanya.

2. Ziulize redieta

Redieta ndizo shahidi wako mkuu. Pandisha themostati ya chumba, subiri kama robo saa, kisha zishike.

- *Redieta baridi, bomba baridi:* boila yenyewe haiwaki, au haina kitu cha kuiwasha. Nenda hatua ya 3 hadi 5.
- *Redieta moto, bomba baridi:* boila inatengeneza joto, ila joto halifiki kwenye maji ya kuogea. Kama ni kombi ruka hadi hatua ya 6. Kama una tangi, ya 7.
- *Bombani kuna moto pale tu redieta zinapokuwa zimewashwa:* hii kwenye kombi ni dalili inayoelekeza moja kwa moja kwenye vali ya kugeuza njia, ile inayochagua joto liende kwenye redieta au bombani. Imekwama. Kwenye mfumo wa tangi, tazama mota ya vali ya tangi, ile inayofungua njia ya joto kwenda kwenye tangi.
- *Umezima redieta, lakini ukioga zinapata moto:* ni vali hiyohiyo, safari hii inavujisha joto upande usiotakiwa, na wewe bafuni unabaki na nusu ya moto wako.

Vali ya ndani ya kombi si kazi yako. Lakini kumwambia fundi "bombani kuna moto redieta zikiwaka tu" kunamwokolea muda mwingi.

3. Umeme, gesi, saa

Skrini ya boila ina mwanga? Kama haina, angalia swichi yake, fyuzi yake na bodi kuu ya umeme. Jiko la gesi linawaka? Kama haliwaki, shida ni gesi yenyewe: koki imefungwa, au mita ya malipo ya kabla imeisha salio. Betri za themostati ya ukutani zimekufa? Saa ya taima inasoma sawasawa? Umeme ukikatika, taima nyingi hupoteza saa, na boila yako inakupashia maji usiku wa manane kwa bidii zote huku asubuhi ukioga baridi.

4. Soma presha

Mfumo ukiwa umepoa, geji isome kati ya baa (kipimo cha presha) 1 na 1.5. Mfumo ukiwa moto itapanda kidogo, hilo ni la kawaida. Ikishuka kuelekea 0.5, boila nyingi hukataa kuwaka kwa usalama wao.

Kuongeza: zima boila, iache ipoe. Tafuta paipu fupi inayopinda, mara nyingi imesukwa kwa nyuzi za chuma, yenye koki kila ncha. Kwa kawaida iko chini ya boila. Baadhi ya boila zina kitasa au ufunguo badala yake, kitabu kitakuonyesha. Hakikisha ncha zote mbili zimekaza. Fungua koki ya kwanza yote, kisha ya pili polepole, macho yakiwa kwenye geji. Ikifika 1.2 funga zote mbili, na kama paipu hiyo ni ya kutoa, itoe.

*Angalizo:* kosa la kila siku ni kufunga koki moja na kuisahau ya pili. Presha inapanda kimyakimya mpaka karibu baa 3, vali ya usalama inafunguka, na maji yanamwagika kwenye paipu ndogo inayotoka nje ya ukuta.

*Angalizo jingine:* kama unaongeza kila wiki, acha kuongeza. Kuna mahali panavuja, na kila maji mapya unayoingiza yanakuja na oksijeni inayozitafuna redieta kwa ndani.

Mifumo ya zamani yenye katangi kadogo darini haina geji. Panda uangalie: kama hakana maji hata kidogo, boya lake limekwama.

5. Namba ya hitilafu kwenye skrini

Iandike kabla hujabonyeza chochote. Ukibonyeza kwanza, inafutika, na fundi akija hana pa kushika. Bonyeza mara moja, subiri dakika chache. Ikirudi, jaribu mara ya pili. Baada ya hapo acha. Boila haijizimi kwa uvivu. Kuna kitu imekiona.

Kama nje kuna barafu na boila inatoa sauti ya gudugudu kabla ya kuzima, shuku paipu ya plastiki inayotoa maji ya mvuke uliopoa kwenda nje. Imeganda. Imwagie maji ya uvuguvugu juu yake, au ikande kwa chupa ya maji moto, kuanzia sehemu iliyo wazi zaidi kwa baridi au penye kona. Maji yaliyochemka yatapasua plastiki, usiyatumie. Ikiyeyuka, washa upya.

6. Kwa wenye kombi: pima kasi ya maji

Watu wengi hulalamikia boila ambayo haina kosa lolote. Weka ndoo ya lita 10 chini ya bomba la maji moto, fungua yote, hesabu sekunde. Ikijaa kwa sekunde 60, kasi yako ni lita 10 kwa dakika. Ikijaa kwa sekunde 40, ni lita 15.

Boila ya kilowati 24 inaweza kuyapandisha maji ya lita 10 kwa dakika kama nyuzi 34. Kwa hiyo yakiingia na nyuzi 15, yanatoka na 49, na unaoga unafurahi. Msimu wa baridi kali yanaingia na nyuzi 5, yanatoka na 39. Boila ni ileile, bomba lilelile. Na ukifungua bomba litoe lita 15 kwa dakika, unapata nyongeza ya nyuzi 23 tu, yaani 28 bombani. Tiba ni kulipunguza bomba. Boila yako kama ina uwezo mwingine, zidisha kilowati zake kwa 14.3, gawanya kwa lita za kwa dakika, utapata nyuzi inazoweza kuongeza.

Sasa punguza bomba mpaka lita 5 kwa dakika, subiri, pima tena. Joto likipanda vizuri hadi karibu na ulichoseti kwenye boila, mfumo ni mzima. Likibaki vuguvugu hata kwa kasi ndogo hivyo, bamba la kubadilishia joto (ndani ya boila, ambamo joto huvukia maji ya bomba) lina ukoko wa chokaa au vali ya kugeuza njia haifungi. Hapo ni fundi.

Kinyume chake pia kipo. Kasi ikishuka chini ya lita mbili au tatu kwa dakika, boila nyingi hazitambui kwamba kuna bomba limefunguliwa, na haziwaki. Safisha kichwa cha shawa na vichujio vya midomo ya mabomba: vitoe, vilaze kwenye siki, vipige brashi. Kama mabomba ya maji baridi yana nguvu na ya moto hayana, kichujio cha maji yanayoingia kwenye boila kinaweza kuwa kimejaa mchanga.

7. Kwa wenye tangi: fuata moto kwa mkono

Zima upande wa redieta, washa maji moto peke yake, seti themostati ya tangi kwenye nyuzi 60. Themostati hiyo ni kijisanduku kilichofungwa ubavuni mwa tangi, karibu theluthi moja kutoka chini. Ikizungushwa hutoa mlio mdogo wa "tik". Isipotoa kabisa, ishuku.

Sasa gusa kwa mgongo wa mkono, haraka, maana paipu hizi huunguza. Paipu inayotoka kwenye boila ina moto? Baada ya pampu je? Kabla ya vali yenye mota? Baada ya vali? Inapoingia kwenye tangi? Mahali moto unapokomea, hapo ndipo pa kushughulikia.

*Ukikomea kwenye pampu:* weka mkono juu yake. Inayozunguka ina mtetemo mwembamba. Iliyonyamaza na kuwa moto sana imekwama, au ina hewa ndani.

*Ukikomea kwenye vali:* ubavuni mwa kichwa cha mota kuna kijiti kidogo. Kisukume kuelekea upande wa kufungua kwa mkono. Kikiwa kizito, vali haikuwa imefunguka. Kikilegea bila kushika, mota ilishaifungua tayari. Ukishakiweka wazi, washa na redieta pia kwa muda, kwa sababu kwenye mifumo mingi swichi iliyo ndani ya kichwa cha vali ndiyo inayoiamuru boila iwake, na ukifungua kwa mkono swichi hiyo huenda isiguswe. Paipu ya tangi ikipata moto sasa, huenda kichwa cha mota kimekufa. Habari njema ni kwamba vichwa vingi hubadilishwa bila kumwaga maji, lakini kina nyaya za umeme, kwa hiyo mwachie anayejua.

Lipe tangi muda wa saa moja kabla ya kulihukumu. Na usiishushe themostati chini ya nyuzi 60 ukidhani unaokoa gesi: bakteria wa Legionella, wanaoleta ugonjwa wa mapafu, hustawi kwenye maji ya vuguvugu yaliyotuama. Upande wa pili, maji ya nyuzi 60 huunguza ngozi kwa sekunde chache, kwa hiyo penye watoto au wazee pawekwe vali ya kuchanganyia kwenye bomba la kuogea.

Tangi lako likiwa na elementi ya umeme, iwashe huku ukiendelea kutafuta hitilafu. Elementi ya kilowati 3 itapasha lita 150 kutoka nyuzi 10 hadi 60 kwa kama saa tatu. Isipofanya kazi usifungue kifuniko chake. Ndani mna umeme wa nguvu kamili.

8. Toa hewa

Zima, acha vipoe. Fungua kwa ufunguo kijiskrubu cha juu ya redieta, zungusha robo hadi nusu tu. Hewa itafyonya, kisha maji yatachungulia. Funga. Anza redieta za chini, malizia za juu, halafu rudi hatua ya 4, kwa sababu presha imeshuka.

Ukikwama: dalili na maana yake

*Moto, baridi, moto tena:* kwenye kombi, mara nyingi bomba limefunguliwa kidogo mno na boila inawaka na kuzima. Fungua zaidi. Isiposaidia, bamba lina chokaa, au shawa yenye themostati na boila yenye themostati zinavutana. Shusha joto la boila kidogo uone.

*Boila inavuma kama birika linalokaribia kuchemka:* chokaa au matope ndani. Inaendelea kufanya kazi, ila usiiache hivyo msimu mzima.

*Presha inapanda hadi 3 mfumo ukiwa moto, ikipoa inashuka hadi sifuri:* tangi dogo la kupokea maji yanayopanuka limeishiwa hewa, au utando wake umepasuka. Fundi hujua kwa kubonyeza vali yake, ya aina ileile ya tairi la baiskeli. Ikitoa maji badala ya hewa, tangi hilo limekwisha.

*Presha inapanda yenyewe hata boila ikiwa imezimwa:* koki ya kujazia inapitisha. Itoe ile paipu ya kujazia kabisa. Ikiendelea kupanda, bamba la kubadilishia joto limetoboka na maji ya bomba yanaingia kwenye redieta.

*Tangi linaishiwa moto haraka kuliko zamani:* themostati yake imeteleza kutoka mahali pake, au koili imefunikwa na chokaa.

*Tangi linachemka au kutoa mvuke:* zima boila na elementi sasa hivi, mtu yeyote asioge, na fundi aje leo, asingoje kesho.

*Umefanya yote, bado baridi:* mwandikie fundi ujumbe mfupi kama huu, ukiambatanisha picha ya kibandiko cha modeli: "Kombi. Presha 1.3 ikiwa imepoa. Hakuna namba ya hitilafu. Redieta zina moto zote. Bombani maji yana moto redieta zikiwa zimewashwa tu. Kasi lita 9 kwa dakika. Nimepima, maji baridi hayavuki kwenye shawa." Fundi anayeijua kazi yake akiusoma, atakuja na vali mkononi.